Pambizo la Kulia

Lile doa lilianza na udogo wa kichwa cha pini, kwenye kifua cha mwanamke aliyechorwa kwa wino, upande wa ndani wa kioo. Mfagiaji ndiye aliyeliona kwanza, Jumatatu asubuhi. Akalipangusa kwa kitambaa, likagoma. Akalipulizia pumzi, akasugua tena, likagoma. Akaenda kumwita Rula.

Pale maktaba ya taifa Rula hakuwa na jina jingine. Nyumbani kwao alipewa jina kama watu wote, ila miaka ishirini na miwili katika karakana ya picha ilikuwa imelifuta. Kila mchoro na kila ramani iliyotundikwa mle ndani ilipita mikononi mwake: aliisafisha, akaipunguza kingo, akaiingiza kwenye fremu. Na ole wake mtu atundike kitu kikaegemea upande hata kwa unywele. Alikuwa na ugonjwa huo. Akiingia nyumba ya mtu, hata kama ameenda kutoa pole kwenye msiba, lazima kwanza anyooshe kalenda ya ukutani. Watu walimcheka, naye alijua wanamcheka, na alijisikia vizuri tu.

Akavaa miwani, akasogea. Doa lilikuwa jeupe, zito, na sasa lilikuwa linateremka.

"Unyevu huo," alisema.

"Unyevu gani unaonuka hivi?" Mfagiaji alikuwa amekunja pua. "Hebu nusa, dada. Haya ni maziwa. Na wala si ya ng'ombe. Mimi nimenyonyesha watoto wanne, huwezi kunidanganya."

Rula alinusa. Ilikuwa harufu ya uvuguvugu, tamu, yenye uchachu kwa mbali, ile inayobaki kwenye blauzi ya mama mwenye mtoto mchanga. Akamwambia mfagiaji aendelee na kazi yake, maonyesho yanafunguliwa Ijumaa na sakafu haijipigi deki. Alisema hivyo kwa ukali kwa sababu moyo ulikuwa umemruka. Ule mchoro aliujua vizuri, na alijua alichoufanyia.

Wiki mbili nyuma, maktaba iliamua kuwaonyesha watu picha zake zilizolala kwenye madroo miaka nenda miaka rudi. Zikachaguliwa sitini. Zikaletwa fremu sitini, zote za kipimo kimoja, na ukutani zikapigiliwa misumari sitini. Michoro hamsini na tisa ikaingia bila shida. Wa sitini ukazidi vidole viwili upande wa kulia.

"Huo uache," mkuu wa sehemu alimwambia. "Tutaagiza fremu yake. Hata ukikosekana mmoja, nani atajua?"

Msumari utajua, Rula aliwaza. Angepitaje kila siku mbele ya msumari mtupu katikati ya safu? Hapo ndipo shetani wake alipokaa. Wenzake walipotoka kwenda kula, alilaza rula ya chuma juu ya pambizo la kulia, akapima mara mbili, akachukua wembe mpya, akakata. Kwaaa. Mkato ulinyooka vizuri mno, hata akatabasamu.

Pale pambizoni palikuwa na nini? Doa la kahawia, kama mtu kamwaga chai. Ndivyo alivyojiambia. Kadi ya mchoro ilisema *Mama na mwana, wino na maji ya rangi, mchoraji hajulikani*. Mama alionekana, ameketi, mkono mmoja kaunyoosha upande wa kulia wa karatasi. Mwana hakuonekana. Basi Rula akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno "na mwana", akaandika kwa herufi safi: "aliyeketi". Mama aliyeketi. Kadi ikalingana na picha, picha ikalingana na fremu, na yeye akaenda kula.

Ule ukanda haukutupwa. Katika karakana ile karatasi nzito ya zamani ilionekana dhambi kuitupa. Masalio yote yalikatwa vipande vidogo na kupelekwa kaunta ya kuazimisha vitabu, ili wasomaji wapate kitu cha kuwekea alama ukurasa walipofikia. Ukanda ule aliukata vipande vitano vilivyolingana.

*

Mchana ule wa Jumatatu binti yake alikuja kutoka shuleni kama kawaida, kumsubiri mama yake amalize kazi. Alikuwa na miaka tisa, na kila mtu alimwita Kinda. Rula alimpata akiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya ndugu kuacha kumuuliza habari za watoto, na baba wa mtoto alifariki kabla hajamsikia akitamka neno. Walikuwa wawili tu duniani. Rula hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini usiku asingelala bila kusikia yule mtoto anapumua upande wa pili wa kitanda.

"Mama, miguu yangu imelala," Kinda alisema, akijitupa kitini.

"Ipige-pige."

"Nimeipiga. Haiamki. Angalia nini wametupa leo." Akatoa picha ya darasa, iliyopigwa juma lililopita. Watoto walikuwa wamepangwa safu tatu, na Kinda alisimama mwisho kabisa, kulia. Soksi na viatu vyake havikuwepo. Chini ya magoti karatasi ilikuwa nyeupe tupu, na pale weupe ulipoanzia mpaka ulikuwa umenyooka.

Rula aliuangalia ule mstari. Aliutambua, kama mtu anavyoutambua mwandiko wake.

Kutoka chumba cha pili, kwenye meza yake ya kazi ambako hapakuwa na mtu, ikasikika sauti ya wembe ukipita kandokando ya chuma, polepole, kwaaa, ukafika mwisho, ukanyamaza.

"Nani yuko huko?" Kinda alinong'ona.

"Hakuna mtu. Chukua begi, twende nyumbani."

Jumanne Kinda hakuweza kusimama. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akamchoma sindano nyayoni, akamwandikia vitamini na kusema watoto wa siku hizi hawachezi vya kutosha. Jumatano ganzi ilifika kiunoni. Rula alimbeba mgongoni hadi kazini, mtoto wa miaka tisa kama mtoto wa miaka miwili, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia, na pia kwa kuwa hakuthubutu kumpa kisogo. Akamlaza karakanani juu ya mito. Ile picha ya darasa alikuwa ameificha ndani ya kitabu. Alipokifungua, weupe ulikuwa umepanda hadi kwenye mkanda wa sketi.

Saa saba mchana jengo lilipokuwa kimya na jua limesimama juu ya paa, Kinda alifungua macho.

"Mama. Yule mama anasema wewe hukosei."

"Mama gani?"

"Anayelia maziwa." Sauti ya mtoto ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesoma tangazo. "Anasema ulipima mara mbili. Anasema mara ya kwanza alidhani hukuona, akakusamehe. Mara ya pili uliinama karibu, miwani yako ikagusa karatasi, na yeye alikuwa anapiga kelele."

"Nyamaza, mwanangu."

"Anasema vipande vitano kwa vipande vitano. Anasema na wewe atakukatia polepole, ili mkato unyooke."

Rula alikimbia, na hakuna aliyewahi kumwona Rula akikimbia, akapita kwenye ukumbi wa picha ambako michoro hamsini na tisa ilikuwa mikavu na imetulia, akafika mbele ya ule wa sitini, akaona kioo chote kimefunikwa na utando mweupe unaochuruzika kwa ndani na kudondoka kwenye fremu na ukutani na sakafuni, akasikia nyuma ya utando ule kitu kinachopumua kwa kwikwi kama mtu aliyelia hadi machozi yakamkauka, na alipoinua mkono kupangusa, kiganja kingine, kirefu, chembamba, chenye vidole vilivyozidi kwa pingili moja, kilijibandika upande wa pili wa kioo palepale mkono wake ulipokuwa, kikaanza kukwaruza kuelekea kulia, kulia, hadi ukingoni, kikatafuta, kikakosa, kikarudi, kikaanza upya.

*

Mganga waliyemwendea jioni ile alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na walipoingia alikuwa anachambua maharage. Hakuacha. Alimtazama Kinda mgongoni kwa mama yake, kisha akatazama nafasi iliyokuwa nyuma yao, karibu na mlango, akaisalimu kwa kichwa.

"Ulikata nini?" akauliza.

"Ukingo wa karatasi," Rula alisema. "Palikuwa na doa la chai."

Mganga akaweka ungo chini. "Toka."

"Mama, tafadhali—"

"Toka, nenda. Siwezi kumsemea mtu anayeongopa mbele ya mwenye kesi. Yuko hapo nyuma yako, anakusikiliza, na hayo maziwa yananiharibia zulia."

Rula hakugeuka. Shingo ilimkataa. Alihisi uvuguvugu ukimgusa kisigino. Akaangua kilio, yeye asiyelia hata mumewe alipozikwa, akasema kwa sauti ya chini mno:

"Niliona vidole. Vya mguu. Wino ulikuwa umefifia, lakini niliviona, vitano, na juu yake goti. Nilijua ni mtoto. Nikasema nani atajua. Nilitaka safu inyooke."

Nyuma yake kitu kilivuta pumzi ndefu.

"Afadhali," mganga alisema. "Sasa sikiliza. Mimi nafukuza majini wavamizi. Huyu hakumvamia mtu. Alikuwa kwake, amekaa na mwanawe, tangu siku mchoraji alipowafunga kwenye karatasi ile akawaacha humo. Wewe ndiye umeingia kwake na wembe. Nimfukuze kwa kosa gani?"

"Mwanangu ana kosa gani?"

"Na wake alikuwa na kosa gani?"

Mganga alivua miwani, na sauti yake ikalainika kidogo. "Mrudishie mwanawe. Vipande vyote, mahali pake. Kikipungua kimoja, acha pengo wazi, uje unieleze, nimwombe akupe muda. Usijaze wewe. Umenisikia? Rudisha kilicho chake tu. Jini haghushiwi, mama. Ukimpa kitu atakichukua, na akishachukua harudishi."

*

Alhamisi asubuhi Rula, Kinda akiwa mgongoni, alikuwa kwenye kaunta ya kuazimisha kabla milango haijafunguliwa. Mkutubi wa kaunta, kijana mpole aliyeitwa Shii kwa jinsi alivyowanyamazisha wasomaji, alimmwagia kisanduku chote cha vipande mezani. Mle vilikuwemo vitatu: nyayo, mapaja, na kifua chenye kiganja kimoja kilichoinuliwa. Rula alivitambua kwa wino, na sasa alipovishika aliona wazi kabisa, bila miwani, bila taa, ngozi ndogo ya mtoto iliyopakwa maji ya kahawia kwa mkono wa mtu aliyempenda.

Cha nne walikipata saa tano, baada ya kufungua na kutikisa vitabu vyote vilivyorudishwa ndani ya wiki mbili. Kilikuwa ndani ya kitabu cha ufugaji wa kuku. Tumbo.

"Cha tano kimetoka," Shii alisema, akipitisha kidole kwenye orodha. "Kitabu kimoja tu hakijarudi. Kipo kwa fundi saa wa mtaa wa nyuma."

Fundi saa aliwapokea akiwa na bandeji iliyofunika nusu ya uso, kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni. Mafuta yalimrukia jikoni, alisema, ajabu, jiko lenyewe lilikuwa halijawaka. "Kale kakaratasi? Nilikawashia moto, dada. Kiberiti kilikuwa kinakaribia kuisha. Kalikuwa na kasura, si ndiyo? Kasura kadogo kanacheka. Nilikaonea huruma kidogo, halafu nikakatia moto."

Rula alirudi bila kuhisi barabara. Saa kumi na moja jioni karakana ilibaki na yeye na Kinda tu. Alirekebisha kadi, akairudishia mwana wake. Akautoa mchoro kwenye fremu, ukiwa umelowa na mzito, akaunganisha vipande vinne kwa gundi ya unga na karatasi nyembamba kwa nyuma, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, kovu halikuonekana. Mtoto alirudi kutoka nyayo hadi mabegani, mkono wake ukafika kwenye mkono wa mama yake ulionyooshwa. Juu ya mabega palikuwa na pengo la mraba.

Maziwa yakasimama. Yakasubiri.

"Mama," Kinda alisema kutoka kwenye mito. Sauti ilitoka nyembamba. "Kifua hakitaki kupanda."

Rula alimpigia mganga. Simu iliita hadi ikachoka. Akapiga tena, akapiga mara ya tatu, na kila ilipoita alisikia pumzi ya mwanawe inakuwa fupi zaidi, ikipanda nusu na kurudi, na katika ile picha ya darasa weupe ulikuwa umefika shingoni, na harufu ilijaa chumba hadi akaihisi kwenye ulimi, na nyuma ya mgongo wake mtu aliyekaa kimya siku nzima alianza kugongagonga meza kwa ukucha, taratibu, kwenye mraba uleule mtupu, hapa, hapa, hapa.

Akachukua karatasi ya rangi ileile. Akachukua wino. Alijiambia atachora sura ya mtoto tu, isiyo ya mtu yeyote, duara na macho mawili, ya kumtuliza mwenye haki hadi asubuhi. Lakini mkono wa Rula ulikuwa unajua sura moja ya mtoto, uliyoiosha na kuipaka mafuta kila siku kwa miaka tisa. Ulichora paji pana. Ulichora sikio lililochomoza. Ulichora kakovu chini ya nyusi ya kushoto, ka siku ile alipoteleza bafuni. Ulipomaliza ndipo macho yakaona ulichofanya.

Angeweza kukichana kile kipande. Alikishika kwa ncha za vidole, na kwa muda aliokishika Kinda hakupumua kabisa. Akakipachika.

Karatasi ilikauka mbele ya macho yake. Harufu ikakatika, kama mlango umefungwa. Kwenye mito Kinda alikohoa, akavuta pumzi ya nguvu, akakaa, akateremsha miguu sakafuni na kusimama.

Rula alipiga magoti, akamkumbatia, akalia, akacheka, akambusu miguu. Hakujali kwamba mtoto alisimama tu, mikono imening'inia, akitazama juu ya bega lake kuelekea mezani. Amechoka, aliwaza. Nani asingechoka?

Nyumbani Kinda alikula vizuri na kulala mapema.

*

Ijumaa ukumbi ulifurika. Kulikuwa na hotuba, kulikuwa na wageni waliovaa vizuri, na kwenye misumari sitini zilining'inia picha sitini zilizonyooka kama zimepangwa na Mungu. Mkuu wa sehemu alimshika Rula mkono mbele ya watu, akasema bila huyu mama tusingefika hapa. Watu wakapiga makofi. Rula aligeuka kumwonyesha binti yake jinsi mama yake anavyopigiwa makofi, na mkono aliodhani ameushika haukuwepo.

Hakuhitaji kuuliza. Alipenya katikati ya watu hadi mwisho wa safu. Kinda alikuwa amesimama mbele ya ule mchoro, upande wa kulia, karibu kabisa, kichwa kimeinama kama anayesikiliza maneno ya sikioni. Ndani ya fremu mwanamke alikuwa amekauka na kupendeza. Mtoto aliyekuwa kando yake hakuwa na uso. Juu ya mabega palikuwa na mraba mweupe.

"Kinda," Rula aliita. "Kinda, mwanangu, njoo."

Mtoto hakugeuka mara moja. Alitazama juu kwanza, kwenye kioo, kama mtoto anavyoomba ruhusa kwa mzazi wake kabla ya kujibu mtu. Kisha akageuka. Alimtazama Rula usoni bila woga wala furaha, kwa adabu ile aliyofundishwa na Rula mwenyewe, ya kuwapa watu wazima wasiomhusu.

"Shikamoo, anti," alisema. "Mama anasema nisiongee na watu nisiowajua."